Mjomba Nyuma ya Kamba

Lori lilizimika tena kwenye kona, na Said, dereva wetu, akateremka kuweka jiwe nyuma ya gurudumu bila kutuambia neno, kama mtu anayefunga mbuzi wake. Tulikuwa tumekalia matenga matupu yaliyokuwa yakipanda Mgeta kufuata kabichi na nyanya, tumelowa ukungu, na kila nilipouliza kama tumefika niliambiwa "bado kidogo" na watu ambao, nilianza kuamini, hawakuwa na kipimo kingine cha safari.

"Mgeni, shuka," Said alisema mwishowe. "Lori linaishia hapa. Wewe unakwenda kule."

Alionyesha kwa kidevu. Niliona ukungu mtupu.

"Kule wapi?"

"Juu. Ukisikia mtu anagomba, huyo ndiye wako."

Nikapanda. Wanawake walikuwa wakiteremka na mizigo ya karoti kichwani kwa mwendo ambao mimi siuwezi hata nikiwa mikono mitupu. Waliniamkia bila kupunguza hatua, wakasubiri wanipite ndipo wacheke. Nyuma ya mgomba wa mwisho, kabla sijaona nyumba yoyote, nilisikia sauti ya mwanamume.

"Usinipe mgongo! Irene! Nimesema usinipe mgongo!"

Nikadhani nimeingilia ugomvi wa watu. Nilipotokeza uwanjani nikakuta wasichana wanane wamesimama safu mbili, kanga zimefungwa viunoni, miguu peku, vidole vya miguu vimegeuzwa nje kama vya bata. Mbele yao kulikuwa na kamba ya kufungia magunia, imevutwa kwenye vijiti kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine. Na nyuma ya kamba, amevaa sweta la mitumba lenye picha ya kulungu wa theluji, alisimama mwanamume mrefu wa miaka hamsini na kitu, akipiga mpini wa jembe chini kwa kuhesabu mapigo. Huyo ndiye Dominiko.

Habari zake nilizipata Morogoro mjini, nikitafuta cha kuandika, kwa muuza mitumba. Ndani ya belo lake alikuwa amekuta kisketi cha wavu mgumu kilichosimama chenyewe kama mwavuli, na hakuna aliyejua ni cha nini, mpaka mzee mmoja wa Mgeta alipokitazama akasema kwa uchungu, "Hicho ni cha baleti, na mshonaji wake hakuwa na haraka." Akakinunua. Nilipofika nilikikuta kimefunika miche ya nyanya, kuku wasiifikie.

"Shikamoo, mzee," nilisema.

"Marahaba. Simama upande huu wa kamba. Upande ule ni jukwaa."

Upande ule ulikuwa udongo uleule, na jogoo mmoja. Nikahama.

Dominiko alizaliwa hapohapo, akasoma shule ya misheni, akashuka mjini akiwa kijana kufanya kazi ya kufuma katika kiwanda kimoja cha nguo. Enzi zile kila kiwanda cha umma kilikuwa na timu yake ya mpira, bendi yake na kikundi chake cha ngoma, na haikupita muda Dominiko akatolewa kwenye mashine akawa kiongozi wa ngoma. Alicheza mbele ya wageni wa serikali, alicheza Sabasaba, alicheza kwenye mvua uwanjani ndege ikichelewa. Kisha wakampeleka Bulgaria kusomea uongozi wa sanaa za maonyesho, na huko, asubuhi zote za baridi, mama mmoja mnene mwenye fimbo alimfundisha baleti, ile ngoma ya Kizungu ya jukwaani, kushika ubao ukutani na kukunja magoti.

Aliporudi nchi ilikuwa inabadilika. Ruksa ya biashara ilikuja, bidhaa zikajaa madukani, na kiwanda kikawa kinatafutiwa mnunuzi. "Walianza kupunguza ngoma," aliniambia, "wakamalizia na mashine." Akarudi mlimani. Upande ule ardhi hufuata ukoo wa mama, kwa hiyo aliyemgawia kipande cha kulima alikuwa dada yake mkubwa, Felista, mwanamke mfupi, mwenye maneno. Dominiko akawa mkulima wa kabichi, na kwa maelezo ya dada yake, mkulima mbaya.

Sasa alikuwa amepata nafasi ambayo hakuitarajia. Mfanyabiashara aitwaye Mwinjuma alinunua jengo la zamani mjini na kuligeuza hoteli. Alitaka ngoma kila Jumamosi kwa watalii wanaolala njiani kwenda Mikumi. Alimwambia Dominiko: nitapanda Jumapili baada ya misa nije kutazama. Nikipenda, wewe ndiye mwalimu wa ngoma wa hoteli, na wasichana wako utashuka nao. Nisipopenda, nachukua kikundi cha Dar.

"Hii ndiyo mara ya mwisho mtu kuniita mwalimu wa ngoma," Dominiko aliniambia. "Baada ya hapa ni kabichi mpaka kaburini."

Nilifika Jumamosi. Jioni ile, tukiwa jikoni kwa Felista, nilijaribu kumweleza Dominiko jambo ambalo kila mwenye macho angeliona. Ngoma aliyoichagua ilikuwa ngoma ya kumtoa mwali, na uzuri wake wote uko kiunoni na mgongoni. Mchezaji huzunguka, humgeukia mpiga ngoma, huwapa watu mgongo ili waone kazi. Yeye alikuwa amewakataza wasichana kugeuka.

"Hotelini viti viko upande mmoja," alisema. "Nyuma ni ukuta. Unataka wauchezee ukuta?"

"Basi wageuke na watu wauone mgongo."

"Mgongo si sanaa."

"Mgongo ndio ngoma," Felista alisema bila kuinua macho kwenye njegere alizokuwa akimenya. "Kama umeusahau mgongo, Bulgaria walikukata kiuno."

"Dada, hujui hata baleti ilianzia wapi."

"Sijui. Sema, mgeni asikie, maana mimi nimeshasikia hadi masikio yamechoka."

Akasema. Na lazima nikiri kwamba alisema vizuri, ingawa kila baada ya maneno machache alinyanyuka kuonyesha na kumwaga chumvi. Ilianzia karamuni, alisema, Italia, kwa watawala wa miji. Harusi ya mkubwa ilikuwa na sahani nyingi, na kati ya sahani na sahani wageni waliinuka wakacheza. Waliocheza ni wakubwa wenyewe, hakuna aliyelipwa. Mimi nikaongeza habari ya bibi harusi wa Kiitaliano aliyekwenda kuolewa Ufaransa, na ngoma za kwao zikamfuata, zikakua huko hadi zikawa maonyesho ya usiku kucha yenye mashairi na magari ya miungu.

"Na mwalimu wa ngoma alikuwa nani?" Dominiko alinikatiza. "Alikuwa kungwi! Alimfundisha mkubwa namna ya kuingia mlangoni, kuvua kofia, kuinama, na kwa nani uiname kiasi gani. Ukikosea hatua mbele ya mfalme umekosa adabu."

"Basi hao ni watu kama watu," Felista alisema. "Mabata yaliingilia wapi?"

"Nakuja huko. Mwanzoni watu walikaa pande zote, wengine wako juu kwenye roshani, wanatazama chini. Wachezaji wakachora duara na nyota sakafuni kwa miguu. Baadaye ngoma ikapelekwa jukwaani. Watu wote wakakaa mbele. Ukitazamwa upande mmoja, dada, mwili lazima ufunguke upande huo. Miguu ikageuzwa nje, ili mtu aweze kwenda pembeni huku kifua kikiwatazama watu."

"Na mfalme naye akageuza miguu?"

"Mfalme wa Ufaransa alicheza sana," nilisema. "Alicheza akiwa jua. Kisha akaacha. Wanasema alinenepa. Lakini alikuwa ameshaanzisha chuo cha walimu wa ngoma, na baada yake wakacheza watu wa kulipwa."

"Wakamcheza nani?"

"Wafalme. Miungu."

Felista aliacha kumenya. "Kwa hiyo mfalme amekaa kitini, anamtazama mtu wa kulipwa anayejifanya mfalme."

"Ndiyo."

"Wazungu nao wana kazi." Akamrushia kuku ganda la njegere. "Haya, Dominiko, nisikilize. Binti yangu Irene hajatolewa. Nilimweka ndani, akafundwa, tukangoja mavuno ya kumtolea. Wewe unampanga mbele kesho, Petro atapiga ngoma ya mwali, na kijiji kizima kitakuja. Unajua unachokifanya?"

"Ni maonyesho tu, dada."

"Nani kaiambia ngoma kwamba ni maonyesho?"

Dominiko alikuwa anaonyesha tena ile hatua ya pembeni, na alikuwa amekanyaga mchicha.

Jumapili Mwinjuma alikuja kweli, akapanda mlima kwa viatu vya ngozi vya kuchongoka, amekunja uso kwa kila hatua. Alikuwa mtu mkunjufu akikaa na mtu wa kununa akisimama, hivyo akapewa kiti haraka. Dominiko alisimama kando yake, amevaa suruali nyeusi na shati jeupe, akimweleza kuhusu kamba. "Hakuna atakayeivuka. Wachezaji kule, watazamaji huku. Mwisho watainama, wewe utapiga makofi."

"Safi," Mwinjuma alisema. "Kule Zanzibar nilikaa hotelini, akina mama wakavamia jukwaa kumtuza mwimbaji, mzungu mmoja akamwagikiwa na supu."

"Hapa hakuna kutuza."

Nilitazama nyuma yetu. Kijiji kizima kilikuwa kimekuja na nguo za misa. Wanawake walikuwa wamefunga vilemba kwa namna ambayo mtu hafungi kwa ajili ya kutazama tu. Felista alikuwa mbele yao, ameweka kanga mpya kwapani, imekunjwa, bado ina gundi ya dukani.

Petro akaanza kupiga. Nusu ya kwanza ilinikera kama nilivyotarajia. Wasichana wanane walikwenda kushoto, wakaenda kulia, wakatabasamu mbele kwa amri, na viuno vyao vilikaa kimya kama vya watu walio kwenye foleni. Mwinjuma alitikisa kichwa kwa adabu. Nyuma yangu bibi mmoja aliuliza kwa sauti, "Hawa wana nini? Wamezuiwa haja?"

"Kaa kimya, mama," Dominiko alisema bila kugeuka.

"Nikae kimya kwani kuna msiba?"

Ikafika mwisho alioutunga. Mpini wa jembe ulipiga chini, na wasichana saba waliinama, safu safi kabisa, mkono mmoja kifuani, kama mama wa Bulgaria alivyotaka. Mwinjuma akainua mikono kupiga makofi.

Petro hakuacha kupiga. Na Irene hakuinama.

Irene alikuwa amegeuka. Alimpa Mwinjuma, Dominiko na mimi mgongo, akamwelekea Petro, na kile alichokuwa amekizuia tangu mwanzo kikatoka chote pamoja. Wanawake wakapiga vigelegele. Wale saba walibaki wameinama, wakitazamana kwa chini, hawajui kama wainuke.

"Simama!" Dominiko alinong'ona kwa ukali. "Irene! Petro! Mwisho!"

"Mwisho wa nani?" Petro alijibu, jasho likimtiririka. "Mwali hajafungwa!"

Mwinjuma alingoja. Akatazama kamba, akanitazama mimi. "Hii inaisha saa ngapi?"

Nikamwendea Felista nikamuuliza, na yeye akanijibu kama mtu anayemweleza mgeni kwamba maji yanalowesha. Kwao, alisema, mwali akitolewa hucheza mpaka mjomba wake, kaka wa mama yake, aingie uwanjani amfunge kanga mabegani. Hapo ndipo ngoma inakwisha. Hakuna mwingine anayeweza kuingia kabla ya mjomba, hata mama. Msichana akisimama kabla hajafungwa, ametangaza mwenyewe kwamba kwao hana wajomba, na wimbo wa kumsimanga utatungwa kabla jua halijazama.

"Na mjomba wake ni nani?"

"Ana mmoja tu," Felista alisema. "Yule pale, nyuma ya kamba yake."

Nilitaka kumtingisha yule mzee. Alijua hilo tangu utotoni. Alikuwa ameona mabinamu zake wakifungwa, alikuwa amekaa jikoni jana akisikia yote, lakini kwa miaka mingi alikuwa ameitazama ngoma kama mali ya jukwaa, akasahau kwamba hii ilimhitaji yeye mwenyewe ndani yake. Alikuwa ameiondolea mlango wa kutokea. Irene sasa alikuwa akizunguka mara ya pili, shingo inang'aa, na kila alipomaliza mzunguko alimtazama mjomba wake usoni. Hakuwa anamwomba. Alikuwa akicheza tu, kwa sababu asingeweza kuacha.

Dominiko alimtazama Mwinjuma. Akamtazama Felista. Felista akaitoa kanga kwapani, akaishika mbele yake kwa mikono miwili, asimpelekee.

"Unangoja nini, Domi?" yule bibi alipiga kelele. "Unangoja akue mkubwa?"

"Mjomba wa Bulgaria!" mwingine akadakia. "Apewe viza!"

Watu wakaangua kicheko. Dominiko akainyakua kanga ya dada yake, na badala ya kuinama apite chini ya kamba kama mtu mwenye akili, akairuka. Aliruka kwa ule mruko wa asubuhi za baridi, mguu mmoja mbele mmoja nyuma, vidole vimenyooka, mzee wa miaka hamsini na kitu hewani juu ya kamba ya magunia. Kijiji kilipiga ukelele mmoja. Alipotua goti lilimuuma, akayumba, na pale alipoyumba ndipo ngoma ya Petro ilipomkamata. Kiuno kikarudi. Bulgaria haikuwa imekikata kabisa. Alitupa mgongo wote, suruali nyeusi na shati lililotoka nje, akacheza akimzunguka mpwa wake mpaka akamfikia, akamfunga kanga mabegani, na Petro akapiga pigo la mwisho.

Kisha kamba ikalala chini, sikuona ni nani aliyeiangusha, na wanawake wote wakaingia.

Mwinjuma alikuwa amesimama juu ya kiti. Alikuwa akipiga makofi kweli.

"Hiyo!" alisema Dominiko alipomrudia akihema. "Hiyo ndiyo ninayoitaka! Mjomba anaruka kamba. Mzee, una kazi. Kila Jumamosi saa mbili usiku, baada ya supu."

"Ile haiwezi kurudiwa," Dominiko alisema. "Ameshafungwa."

"Tutafunga mwingine."

"Mpwa gani mwingine?"

"Mzee, mjini wasichana wamejaa. Utaambiwa huyu ni mpwa wako, utaruka, utafunga. Wazungu watajua nini?"

Felista alikuwa amefika. "Irene haendi," alisema. "Mtu hatolewi ndani mara mbili, seuze kila Jumamosi."

"Dada, ni kazi."

"Nimesema haendi. Na hao saba waulize mama zao."

Mama zao waliulizwa, na walijibu haraka kwa kuwashika mabinti mikono na kuondoka nao. Hakubaki hata mmoja. Dominiko alirusha mikono juu, akawaambia wote kwamba wao ndio wanaoua ngoma, kwamba watabaki na duara lao mpaka vijana wao wote wawe wanatazama televisheni za Dar na hakuna anayejua mwali ni nini. Hakukosea kabisa. Felista naye alimwambia ngoma ya kumdanganyia mgeni anywe supu heri ife, naye pia hakukosea kabisa, na mimi niliyesimama katikati yao nilichoshwa na wote wawili na kupata njaa.

Jioni nilimwambia Dominiko asiende. Nilimwambia leo alikuwa mjomba, na kule atakuwa mtu anayelipwa kujifanya mjomba.

"Wewe mwenyewe ulimweleza Felista," alisema akikunja suruali yake nyeusi kwa uangalifu. "Mfalme aliacha, wakaja wa kulipwa. Na mambo yale yakafika mpaka Bulgaria yakanikuta mimi. Wangebaki wakubwa peke yao wakicheza kati ya sahani, ningeyajulia wapi?"

"Na Irene?"

"Irene nimemfunga. Hilo limekwisha, hakuna wa kulifuta." Akaitia suruali kwenye begi. "Mwandishi, wewe huzunguka nchi za watu ukitazama. Mimi nikitazama tu nakufa."

Nilitoka nje nimekasirika.

Asubuhi ya Jumatatu lori la Said lilikuwa limejazwa kabichi hadi juu ya kingo, na vibarua wamelala juu yake kwenye maturubai. Kiti cha mbele nilikuwa nimekishika mimi tangu juzi. Nilimkuta Dominiko amekaa humo, begi mapajani, amenyoa ndevu.

"Said, kile ni kiti changu."

"Mzee anaripoti kazini," Said alisema. "Wewe una haraka gani? Wewe huwa unaandika."

Felista alikuwa amesimama upande wa dirisha. Alikuwa amemletea ndizi za kuchemsha kwenye jani, amefunga vizuri, lakini alikuwa bado hajampa.

"Huko utamfunga nani kanga?" alimuuliza.

"Nitakayepewa."

"Utamwita mpwa?"

"Nitamwita jina lake. Nitamfundisha kugeuka, asinipe kifua tu muda wote." Alinyoosha mkono. "Dada, nipe chakula changu, lori linaondoka."

Akampa. Dominiko aliweka jani juu ya begi, akapandisha dirisha kidogo, akatazama mbele. Lori lilinguruma, likashuka taratibu kwenye ile kona ya juzi, vibarua wakiinama kukwepa matawi, likapotelea kwenye ukungu. Tulilisikia muda mrefu baada ya kutoliona.

"Lingine lini?" niliuliza.

"Likijaa," Felista alisema, akajifuta mikono kwenye kanga na kuanza kupanda. "Njoo basi, mgeni. Kabichi zake nani atazimwagilia?"